Mbawakawa Bado Wanatembea

Ndabibi, Alhamisi jioni, Novemba 2007

Wairimu mwanangu,

Umekwenda kumuaga nyanya yako, na kwa kuwa hatakuachilia kabla hujamaliza sahani, nimepata nafasi. Nimekaa hapa mlangoni penye mwanga, karatasi nimeiweka juu ya trei, na barua hii nakusudia kuichomeka kwenye begi lako katikati ya zile sweta mbili, uikute ukifika Kitale. Mimi si mtu wa kuandika. Mkono wangu umezoea mpini wa pampu, na ukipewa kalamu unaikaba kama inataka kutoroka. Utavumilia mwandiko.

Mambo ya kila siku nayaruka. Kitale kuna baridi, lakini una ngozi, utaisikia mwenyewe. Marafiki utachagua, tangu darasa la sita umekuwa ukinichagulia hata mimi wa kwangu. Kupika unajua, ugali wako tu ndio bado una madonge, na atakayekuoa atazoea. Nikianza kukupangia hayo nitajaza karatasi yote na nisiandike lile lililonikaa kooni.

Lililonikaa kooni ni la leo mchana. Tangu wale watu waondoke uani hujaniambia neno zaidi ya "sawa, mama." Nilikuambia lete maji, sawa mama. Nilikuambia kunja nguo, sawa mama. Wewe ambaye hukubali hata kuambiwa leo ni Alhamisi bila kubisha. Nimekuzaa, najua ukinyamaza hivyo umeumia. Kwa hiyo ngoja nililete lote, hata lile unalolijua, kwa sababu nikiliweka kwenye karatasi labda nitaliona vizuri zaidi ya nilivyoliona nikiwa nimesimama pale.

Ulipoleta habari ya dawa hii ya wadudu tulikuwa jikoni, unamenya viazi. Mbawakawa wa madoa walikuwa wameshaingia mashamba ya viazi ya kikundi na majani yalikuwa yameanza kubaki mishipa mitupu. Ulisema sumu kali tuliyoizoea inamshika mdudu kwenye fahamu zake, anatetemeka, anaanguka, mkulima anafurahi. Hii nyingine haifanyi hivyo. Mdudu hana mifupa ndani, ulisema. Ganda la nje ndilo linalomshikilia, na akikua lazima alivue atengeneze jingine kubwa zaidi, kama wewe ulivyokuwa ukizimaliza sare za shule na mimi nalia. Dawa hii inaharibu utengenezaji wa ganda. Buu akila jani lenye dawa ananenepa vizuri tu mpaka siku ya kuvua, halafu ganda jipya linakataa, anakufa amekwama nusu ndani nusu nje. Mkubwa, ambaye ganda lake limeshakomaa, hapatwi na lolote. Atakula, atatembea, atampanda mwenzake mchana kweupe. Lakini jike aliyekula jani hilo anaipitisha dawa mpaka kwenye mayai, na mtoto anakua ndani ya yai hadi mwisho, ana kichwa, ana miguu, ila hawezi kutoboa atoke.

Nikakuuliza, kwa hiyo wakubwa tunawaacha wafe kwa uzee? Ukasema, "Ndiyo, mama, tunawaacha wazeeke bila watoto." Nilicheka mpaka nikamwaga chai.

Kisha ukaniambia jambo ambalo halikunichekesha. Jike akiacha kula majani yenye dawa, akivuka mpaka na kula kwa jirani ambaye hakunyunyiza, baada ya siku chache mayai yake yanakuwa mazima tena. Ndiyo maana ulitaka kikundi kizima kinyunyize pamoja, hata yule mwenye matuta machache nyuma ya choo. Ukasimama mbele ya wanaume wenye umri wa babu yako ukawaeleza haya yote, na ukawaambia wazi kwamba kwa siku kadhaa wataona wadudu wakitembea na wasishtuke. Wakaitikia. Gitau, mwenyekiti wetu, aliitikia kwa sauti kuliko wote, kwa sababu anatafuta udiwani na alipenda kuonekana na binti aliyesoma. Mimi nikabeba pampu, nikageuza nozeli iangalie juu, nikapiga chini ya kila jani, shamba hadi shamba, mpaka mgongo ukalia.

Na mbawakawa bado wanatembea.

Unajua desturi yetu hapa. Mpiga dawa akimaliza shamba hurudi kesho yake na mkebe, akaokota walioanguka chini ya mimea, akamwekea mwenye shamba mlangoni. Huo mkebe ndio ushahidi wetu. Ukijaa, jina lako limejaa. Nimekulea kwa mkebe huo tangu baba yako alipofariki na kuniachia pampu yake, na hata hilo jina la Mama Pampu nililipata kwenye milango ya watu. Safari hii sikuwa na cha kuokota. Basi leo mchana wao ndio wamenijazia.

Gitau aliingia na watu wa kikundi nyuma yake, akaumimina mkebe hapo uani bila hata kupiga hodi. Mbawakawa wakatoka wazima, wekundu wa kahawia na madoa yao meusi, wakatawanyika kila mmoja na safari yake. Kuku wetu alimdonoa mmoja akamtema.

"Mama Wairimu," Gitau akasema, "hii ndio dawa ya msichana wako. Imewanenepesha."

Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha mchezo. Mama Nduta, yule mwenye viazi karibu na bomba la maji, akasema, "Waru zangu zimebaki vijiti. Watoto nitawapea nini, mayai ya wadudu?" Na kijana mmoja aliyekuwa ameegemea ua, simjui vizuri, nadhani ni wa kampeni ya Gitau, akasema, "Hiyo ni maji tu, bana. Nani alituletea hii kitu? Mwaka huu kuna watu hawataki tuvune."

Hilo la mwisho ndilo lililonikata maini. Mwaka huu wa uchaguzi magari ya vipaza sauti yanapita kwenye vumbi kutwa, na watu wamekuwa wepesi kuwaka. Kijana akisema "kuna watu," kila anayesikiliza anajaza jina analolitaka. Nikaona leo wanaweza kulijaza lako.

Wewe ukatoka jikoni, mikono ina povu la sabuni. Hukuonekana kuogopa. Ulisema, "Mzee Gitau, naomba mnisikilize kidogo. Tulisema wakubwa hawatakufa. Twende tuangalie mayai." Ukachukua ile lenzi yako ndogo mfukoni, na nikaona Mama Nduta amenyoosha shingo, anataka kusikia. Mzee Kiprono, yule mwenye mizinga ya nyuki, naye akasogea mbele.

Hapo ndipo mimi, mama yako mwenye mdomo, nikaingilia. Nikasema, "Wairimu anaondoka kesho alfajiri. Ameshapata kazi Kitale. Haya mambo mtaongea na mimi."

Niliona uso wako. Ulirudisha lenzi mfukoni polepole, kama mtu aliyekuwa anatoa nauli akaambiwa gari limejaa. Gitau akatabasamu, akasema, "Kumbe anaenda. Si angesema mapema." Kisha akatangaza kwamba kesho asubuhi, chai ikishanywewa, kikundi kikutane shambani kwake na tupige ile sumu kali kila mahali, tumalize hii kelele. "Mama Pampu, utakuja na mashine yako," akasema. Nikasema sawa. Nilisema haraka, Wairimu, ili watoke uani kwangu.

Sasa, hiyo safari ya alfajiri unajua ilikotoka, ingawa sikukueleza kwa ukamilifu. Kazi yako inaanza Jumatatu. Wewe ulipanga kuondoka Jumapili baada ya kanisa. Lakini asubuhi Bwana Mahendra, yule wa duka la dawa za mimea mjini Nakuru aliyetuuzia dawa, alinipigia simu. Gitau alikuwa ameshampigia yeye na kumtolea maneno. "Mama, wewe sikia mimi," akaniambia. "Watu ikikasirika haisomi karatasi ya chupa. Kesho naleta mzigo Naivasha mapema sana, nitapita kwako na pikapu. Toa mtoto hapo." Nikaona ni wema, na ni wema kweli. Nikakujia nikakuambia kuna lifti ya bure hadi Nakuru, na kutoka hapo utapanda basi la Kitale. Sikukuambia ni kwa nini. Mimi na Mahendra tulikusogeza kama gunia, na wewe ukafikiri ni habari ya nauli.

Lakini uliporudisha lenzi mfukoni ulikuwa umeshaelewa. Ndiyo maana umekuwa ukiniitikia sawa.

Nataka nikukumbushe mwaka ule, ulipokuwa darasa la tatu. Si siri, kila mtu hapa anaujua, na wewe mwenyewe ulikuwepo, ulikimbia mbele yangu na mkebe. Ila nafikiri unakumbuka furaha tu, na mimi sijawahi kukueleza upande wa pili kwa sababu ulikuwa mtoto, na baadaye kwa sababu ulikuwa umesoma.

Bwana shamba wa wakati huo, mwanaume mwembamba aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba, alileta dawa ya mayai ya aina hii hii. Alichagua shamba la Kiprono kulijaribia. Akanionyesha namna ya kupiga, akaniambia, piga halafu niachie mimi, usiguse kitu mpaka nirudi. Nikapiga. Siku zikapita na wadudu wakatembea. Watu wakaanza na utani. Kanisani mwanamke mmoja aliniuliza kama siku hizi nabariki viazi, maana nanyunyiza maji. Mwingine akasema mjane akipewa kazi ya mwanamume ndivyo inavyokuwa. Hilo halikuwa utani, na mimi nilikuwa na pampu ya marehemu mgongoni na wewe wa kulisha. Kila nikipita penye watu naona kama wamenyamaza kwa ajili yangu.

Nikashindwa. Asubuhi moja kabla jua halijapanda nikaingia shamba la Kiprono na sumu kali. Sikumwomba ruhusa bwana shamba, na Kiprono nilimwambia ni duru ya pili ya dawa ile ile. Wadudu walianguka wengi, mpaka unasikia vishindo vidogo kwenye majani makavu. Tulijaza mkebe, mimi na wewe, na sikuuacha mlangoni kwa Kiprono peke yake. Nilikupa uuzungushe nyumba kwa nyumba. Ulikuwa umevaa ile gauni ya kijani. Watu walinisifu mpaka jioni. Sijawahi kulala vizuri kama siku ile, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka.

Bwana shamba aliporudi aligeuza jani, akageuza jani. Mayai mengine yalikuwa yamekauka, mengine yalikuwa yameanguliwa, na shamba zima lilikuwa linanuka sumu. Ile kali haiui mayai vizuri, hilo wewe ndiye uliyenifundisha baadaye. Inaangusha mama, yai linabaki linasubiri. Lakini siku ile hakukuwa na namna ya kujua nini kimefanywa na nini, kwa sababu nilikuwa nimevichanganya. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, sasa hatutajua," akapanda pikipiki yake akaenda, na kazi ile akaipeleka Longonot kwa watu wengine.

Mabuu wakarudi, kama unavyokumbuka. Wale mbawakawa wengine wanaong'aa, wanaofanana na hawa lakini wanakula vidukari, vile vijidudu vinavyofyonza majani, walikuwa wameshakufa, kwa hiyo vidukari navyo vikaja. Na mizinga ya Kiprono kwenye ile migunga ya mpakani ikanyamaza. Nilipita hapo nikakuta nyuki wamelala chini mlangoni mwa mzinga, wengine bado wanazunguka wakiwa chali. Kiprono alikuwa amesimama anawaangalia. Alinisalimia vizuri. Afadhali angenitukana.

Tangu mwaka huo ukimtajia mtu hapa dawa ya mayai, anakuambia ni maji, tuliijaribu kwa Kiprono. Mimi ndiye niliyewapa maneno hayo. Ulipowashawishi upya kwa lugha yako nzuri, ulikuwa unapanda kilima nilichokilundika mimi, na ukakipanda, na leo mchana ulipokaribia juu nikakushika mguu.

Nimekuwa nikijiambia niliogopa kwa ajili yako. Ni kweli, yule kijana alinitisha. Lakini nikiwa nimekaa hapa naona pia niliogopa kwa ajili yangu. Sikutaka kusimama tena mbele ya watu wale wale bila mkebe. Umri huu wote, na bado nataka wanisifu. Inaniaibisha kuandika hivyo kwa mtoto niliyemzaa, lakini ni afadhali unionee aibu kuliko uniige.

Niliacha kuandika hapo nikaenda shambani. Nimerudi sasa hivi, viatu vina matope na chai imepoa.

Nilichukua lenzi yako. Uliiacha juu ya kabati, nadhani kwa makusudi, kama mtu anayeacha ufunguo wa nyumba asiyoishi tena. Nimeingia tuta la kwanza la Gitau, lile la karibu na njia, nikageuza majani. Mayai yapo. Yamesimama wima kwa vikundi chini ya jani, ya njano kama ulivyonionyesha. Ila mengi yamekuwa meusi kwa juu, na nilipoweka lenzi niliona kichwa cha mtoto ndani, na kitu kama miguu iliyokunjwa. Ulinifundisha kwamba yai likikaribia kuanguliwa huonekana hivyo. Na ulinifundisha kwamba yai lililoharibiwa na dawa hii nalo huonekana hivyo hivyo, kwa kuwa mtoto amekua hadi mwisho akashindwa kutoka. Leo jioni hayo mawili hayana tofauti. Nimetazama mpaka macho yakatoa machozi na siwezi kukuambia kama nimeona watoto wanaojiandaa kutoka au maiti.

Nilikuta pia buu mmoja amening'inia kwenye ukingo wa jani, ganda la zamani limepasuka mgongoni, hatikisiki. Inaweza kuwa dawa. Inaweza kuwa baridi ya jana, au amechoka. Nilimpuliza, hakusogea. Nilitaka sana kufurahi, nikajizuia.

Wakubwa bado wanakula, sitakudanganya. Mama Nduta hakutia chumvi sana, kuna matuta yamebaki vijiti kweli. Kama mayai haya yataanguliwa yote na mabuu wakavua maganda yao wakiwa wazima, hakuna mtu atakayevuna kitu cha maana, na tutakuwa tumewaharibia mimi na wewe. Hiyo pia inawezekana, na ninaiandika ili usidhani nimekuwa mwepesi.

Nilipoinua kichwa nikamwona Kiprono matuta machache mbele yangu, ameinama, na yeye anageuza majani. Alikuwa hana lenzi, anayasogeza tu karibu na pua.

"Na wewe umekuja kuangalia?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Mimi nimekuja kila siku. Macho yangu imezeeka, lakini naona hakuna watoto wengi kama ile wakati ingine. Ama ni macho." Akalitupa jani. "Sijui. Ile mwaka sikujua. Sasa kesho tunapiga tena ile kali, na hatutajua tena."

Nikamwambia nasikitika kwa nyuki wake. Nilikuwa sijawahi kumwambia. Akachuma jani jingine, kisha akasema, "Nyuki nilipata zingine. Lakini msichana wako, leo, alikuwa anataka kuongea. Mimi nilikuja kumsikia yeye. Wewe tunakusikia kila siku." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayelalamika kwamba amekuja dukani akakuta limefungwa. Kisha akaendelea na majani yake na mimi nikabaki nimeshika lenzi.

Wairimu, nilirudi nyumbani nikampigia Bwana Mahendra. Nikamwambia kesho asipite.

"Mama, umechoka na maisha?" akauliza.

Nikamwambia sijachoka, mtoto ataondoka Jumapili kama alivyopanga mwenyewe, akitaka. Akahema kwenye simu. Akasema, "Haya. Lakini, mama, kwa mkutano usitaje duka." Nimemwahidi sitataja. Usimcheke sana, na yeye ana watoto, na mwaka huu kila mwenye duka analala sikio moja liko wazi.

Kwa hiyo barua hii haiendi Kitale. Nitakupa mkononi ukiingia, na nitakaa hapa mpaka umalize kuisoma, hata kama utanikasirikia mbele yangu. Nikasirikie. Leo mchana nilikuchukulia kitu chako mbele ya watu, na siwezi kukurudishia tukiwa jikoni peke yetu. Kitarudi pale pale kilipochukuliwa.

Ukiamua kuondoka alfajiri hata hivyo, kuna magari barabarani, sitakuzuia na sitakulaumu hata siku moja. Naandika hivyo na nimemaanisha. Lakini nadhani nakujua.

Sitakuambia useme nini kesho. Wewe ndiye uliyesoma mayai. Labda yatakuwa bado yamefungwa, na utawaomba siku chache zaidi, na watakataa. Labda yatakuwa yameanguliwa, mabuu wanatembea mbele ya macho ya Gitau. Ikiwa hivyo, sema wewe mwenyewe kabla hajasema yeye. Sema yameanguliwa, sema hujui kwa nini, sema ni nani aliyepiga na alipiga vipi, na kama kosa ni nozeli yangu, litaje. Sijawahi kumsikia mtu yeyote hapa akisimama mbele ya watu na kusema sijui, na mimi nikiwemo. Watapiga kelele. Yule kijana atasema tena kuna watu hawataki tuvune. Mwulize ni akina nani, awataje majina mbele ya kila mtu, kisha usubiri jibu.

Pampu yangu nitaiacha ndani. Nilimwambia Gitau sawa, na kesho nitamwambia si sawa. Hilo ni langu na nitalibeba mwenyewe. Wakitaka kupiga ile kali watafute mgongo mwingine.

Baada ya hapo sitafungua mdomo. Hilo ndilo gumu kuliko yote, wewe unanijua. Nitasimama na wanawake wengine kwenye ukingo wa shamba. Gitau atakapokukatiza, mwili wangu wote utataka kuja mbele, nikujibie, nikufunike, niseme mtoto huyu anaondoka mwacheni. Sitakuja. Na kama utageuka katikati ya maneno ukanitafuta, utaniona, lakini usitafute ujasiri kwenye uso wangu, kwa sababu nitakuwa nimeogopa kuliko wewe. Warudishie macho wao, uendelee kusema.

Mama yako